Noti katika Tundu la Sita

Babu yangu, Orrin Haskett, alikuwa na namna moja tu ya kujaza bastola, na hakuibadilisha kwa miaka thelathini na minne. Kila asubuhi, kahawa ikiwa bado inachemka, aliishusha kwenye msumari, akamwaga risasi mezani, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaijaza upya huku akisema chini chini, "Moja, ruka moja, nne."

Silinda ina matundu sita. Yeye alitia risasi tano. Lile tundu aliloliruka ndilo nyundo inalolilalia. Bastola za zamani kama ile, nyundo ikigongwa na risasi iko chini yake, inalia hata kama hakuna kidole kilichoigusa. Katika tundu lile tupu aliweka noti ya dola tano, ameisokota nyembamba kama sigara. Wachunga kondoo wote wa zamani wa huku Wyoming walifanya hivyo. Ni pesa ya mchimba kaburi. Ukifia mbali huko vilimani, atakayekukuta anaifungua silinda, anachukua chake, anakufukia, basi. Hujamwachia mtu mzigo.

Bastola yenyewe haikuwa ya kupigana na mtu. Ilikuwa ya nyoka wa njuga, ya kondoo aliyevunjika mgongo, ya farasi asiyeinuka tena. Babu alizaliwa ndani ya gari la kukokotwa la wachunga kondoo, mama yake akiwa mpishi wa kambi, na mpaka anafika miaka arobaini hakuwa na ardhi hata ya kusimamisha kiti. Alitengeneza vinu vya upepo vya watu wengine. Kimoja kilimla vidole viwili vya mkono wa kushoto, akavizika mwenyewe chini ya kinu hicho hicho, akapanda tena kumalizia kazi. Hakuwa mtu wa maneno. Kondoo akizaa vibaya alimwimbia wimbo usio na maneno, puani tu, na yule mnyama akatulia. Sikuwahi kumsikia akimwimbia binadamu.

Mimi ni Twyla. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi, mwaka aliokufa baba. Mama alipata kazi ya kufua mashuka hospitalini mjini, na ilibidi mtu awepo wa kupika na kulisha mbwa. Mwalimu alikuja mara mbili kuniulizia, halafu theluji ikaanguka, hakuja tena.

Baba aliitwa Dell. Alikuwa mwana pekee wa babu. Namna alivyokufa kila mtu hapa anaijua, au anadhani anaijua. Ilikuwa Oktoba, siku ya kupakia wanakondoo wa kuuza. Malori yalifika mapema kuliko tulivyotazamia, yanapiga honi langoni, babu akatoka mbio na mkanda wa bastola mkononi, akautundika kwenye nguzo ya zizi ili afanye kazi mwili ukiwa mwepesi. Dume moja la kondoo likaigonga nguzo. Mkanda ukaanguka, bastola ikachomoka, nyundo ikatua juu ya jiwe. Baba alikuwa amechuchumaa anafungua kamba. Risasi ilimwingia chini ya mbavu ikapanda juu. Lyle Fenske, jirani yetu, alikimbilia gari lake, lakini aliporudi nalo hakukuwa na wa kupakia.

Lyle ndiye aliyeifungua bastola pale pale. Risasi tano nzima, na ganda moja tupu. Sita.

Askari wa wilaya aliuliza nani aliijaza. Babu akasema, "Nilijaza sita." Maneno mawili tu. Hakusema mengine, na tangu siku ile mama hakumsemesha tena. Si kwamba alihama. Angehamia wapi? Tuliishi nyumba moja, tukala meza moja, na kila neno lake kwa babu lilipitia kwangu.

"Mwambie babu yako maharagwe yanapoa."

"Babu, maharagwe yanapoa."

"Mwambie nimesikia," babu anajibu, naye amekaa hatua mbili kutoka kwake.

Miaka sita hivyo. Nilikuwa kama dirisha.

Lakini mimi niliona jambo asubuhi ile. Babu alikuwa bado amelala. Baba aliingia jikoni amevaa koti, mbweha walikuwa wamemla kondoo usiku na alitaka kuwawahi. Akaishusha bastola, akatoa ile noti, akaitia mfuko wa shati, na mahali pake akatia risasi. Akaona ninamtazama.

"Mbweha wakija sita, Twyla, nimwambie wa sita asubiri kwanza?" Akacheka bila sauti, akaniwekea kidole mdomoni. "Usimwambie babu yako. Nikirudi nitairudisha."

Alirudi, hakuona mbweha hata mmoja, akautundika mkanda msumarini akaenda kunywa kahawa yake. Halafu malori yakapiga honi. Babu akauchukua mkanda na kukimbia. Hakuifungua. Siku ile peke yake.

Sikusema. Kwanza kwa sababu nilikatazwa. Kisha babu akawa amekwisha kusema yake mbele ya askari, na mimi nani wa kumwambia mtu mzima kwamba amekosea juu ya mikono yake mwenyewe? Nilidhani anaamini kweli kwamba alijaza sita, kwamba umri umemchezea. Halafu nikimtazama mama anavyoyapiga pasi mashati ya baba ambayo hakuna wa kuyavaa, natoka kwenda kulisha mbwa.

Mwezi wa tatu mwaka jana Lyle alikuja na fomu. Alivua kofia, akajikaribisha kahawa kama kawaida yake.

"Orrin, waliokutengenezea kile chuma chako wameota dhamiri," akasema. "Kiwanda kinaziita zote za zamani zirudi. Wanakutilia kipande kipya cha usalama, bure, nyundo ikigongwa haifanyi kitu. Unaweza kujaza sita ukalala nayo kama mke."

Kisha akakumbuka alipo, akaangalia ndani ya kikombe. Mama alikuwa kwenye sinki. Mgongo wake haukusogea.

"Soma, Twyla," babu akasema.

Nilisoma kwa kidole, maneno marefu nikiyakata vipande. Kulikuwa na visanduku vitatu vya kuchagua. Huduma ya kwanza: kile kipande cha usalama tu, bila malipo, na vipande vya zamani vinarudishwa kwenye mfuko. Huduma ya pili: kipande hicho, pamoja na kuisawazisha mashine yote, kifyatulio kilainishwe, kila kilicholika kibadilishwe. Huduma ya tatu: yote hayo, pamoja na kuipiga msasa na kuitia rangi upya na kuibadilishia mpini.

"Ya tatu, Orrin, usijiulize," Lyle akasema. "Irudi imevaa kama bibi harusi. Ile yako imechakaa kuliko wewe, na wewe mbuzi wangu mmoja akikuona analia."

"Wakiipiga msasa watafuta alama," babu akasema.

"Alama gani?"

"Iliyo kwenye nyundo. Ya lile jiwe."

Mama akafunga bomba la maji. Akasema, bila kugeuka, "Mwambie babu yako kuna huduma ya nne. Aitupe mtoni."

Nikamtazama babu. Sikuyarudia maneno yake, yalikuwa yamefika.

"Basi ya pili," Lyle akasema polepole. "Kifyatulio chako kinakwaruza kama lango lisilo na grisi. Watakubadilishia vyote vilivyolika."

"Watavibadilisha kabla mtu yeyote hajavitazama," babu akasema. "Endelea, Twyla. Chini pale kuna maandishi madogo."

Alikuwa ameyaona kabla yangu. Maandishi yale yalisema kwamba mwenye silaha akitaka, fundi wa kiwanda ataikagua kama ilivyo, kabla ya kuguswa, na kumwandikia barua ya hali yake. Lakini hiyo ni kwa wanaochagua huduma ya kwanza tu, na mwenyewe asiwe ameifungua mashine yake wala kubadilisha kitu.

"Hiyo," babu akasema. "Ya kwanza, na barua."

"Barua ya nini?" Lyle akauliza. "Unataka wakuandikie kwamba imezeeka? Mimi nitakuandikia sasa hivi, nipe kalamu."

Babu hakucheka. Alisubiri mpaka Lyle ameondoka na mama amekwenda kuanua nguo, akaniwekea karatasi mbele. Mkono wake wa vidole vitatu ulikuwa umebana ukingo wa meza.

"Andika hivi. Mabwana. Ninataka kujua jambo moja. Je, silinda ya bastola hii imelika hata inaweza kujizungusha yenyewe ndani ya mkanda? Je, mtu akiwa amejaza tano vizuri, risasi inaweza kusogea yenyewe ikafika chini ya nyundo?"

Niliandika. "Inaweza" niliifuta mara mbili. Nilielewa anachotafuta. Kama silinda ilikuwa legevu, basi hata tano zingeua. Noti isingemkinga mtu yeyote. Kosa lingekuwa la chuma, la fundi fulani aliyekufa zamani, la hakuna mtu. Nilitaka nimwambie pale pale aache, kwamba mimi ninajua. Badala yake nikauliza, "Niweke jina lako lote?"

"Lote."

Tuliifunga ndani ya gunia la unga, tukaitia kwenye sanduku la mbao, gari la vifurushi likaichukua. Kwa wiki nane babu alitembea upande mmoja, kama mtu aliyezoea kubeba ndoo ikaondolewa. Asubuhi bado aliunyoosha mkono msumarini. Akagusa mkanda mtupu, akarudi kukaa.

Mwezi wa tano farasi wake wa kijivu alikanyaga shimo la panya akavunjika mguu, mfupa uko nje. Ilibidi nikimbie maili mbili kwa Lyle kuazima bunduki, na maili mbili kurudi. Nilipofika babu alikuwa amekaa chini, kichwa cha farasi mapajani, anaimba ule wimbo wa puani, na sauti ilikuwa imemwisha, ni pumzi tu inatoka. Alimpiga risasi kwa bunduki ya mtu mwingine. Njiani kurudi alisema, "Ningekuwa nayo asingengoja saa nzima." Baada ya hatua kadhaa akasema, "Lakini nangoja jibu." Alisema hivyo kama mtu anayemwomba farasi radhi.

Jibu lilikuja Jumanne, mama akiwa kazini. Sanduku lao lilikuwa la karatasi ngumu, bastola imefungwa vizuri, vipande vya zamani kwenye mfuko mdogo, na barua. Babu hakuitazama bastola. Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Soma taratibu. Usiruke."

Nikasoma. Fundi aliandika kwamba bastola imetumika sana lakini imetunzwa kuliko nyingi anazoziona. Aliandika kwamba mashine ni ile ya asili. "Silinda inashika imara katika matundu yote sita. Tumeitikisa na kuiangusha mara nyingi bila risasi, haikujizungusha hata mara moja. Alama iliyo kwenye nyundo ni ya pigo moja zito. Kwa maoni yangu, ikiwa bastola hii ililia ilipoanguka, ni kwa sababu ilikuwa na risasi chini ya nyundo tangu mwanzo."

Nilimaliza. Nje mbwa alikuwa anajikuna kwenye ngazi, ngazi inagonga gonga.

"Rudia hapo kwenye kutikisa," akasema.

Nikarudia.

"Haya," akasema. Akaonekana mdogo kwenye kiti.

Hapo ndipo niliposema. Sikupanga. "Babu, hukuijaza wewe. Ni baba. Nilimwona. Alitoa noti akaiweka mfukoni mwake, kwa ajili ya mbweha. Aliniambia nisiseme."

Nilidhani atashtuka. Aliinuka tu, akaenda kwenye rafu, akashusha kopo lake la tumbaku, akatoa kitu kutoka chini ya tumbaku na kukiweka mezani. Noti ya dola tano, imesokotwa, nusu yake ya kahawia, imekauka ngumu kama ganda la mti.

"Nilimwosha mwenyewe," akasema. "Ilikuwa ndani ya shati."

"Kumbe unajua."

"Tangu siku ile ile."

"Sasa kwa nini ulimwambia askari..."

"Yeye hakuwa na mdomo wa kujibu, Twyla. Mimi ninao." Akakaa tena. "Na si uongo mkubwa. Miaka yote naifungua kila asubuhi. Siku ile sikuifungua. Yeye aliitia, mimi niliitundika. Kati yetu wawili, mmoja amekwisha kulipa."

"Mama anakuchukia bure."

"Si bure. Mama yako akimlaumu aliye hai, hasira yake ina pa kwenda. Inakuja mpaka hapa mezani, inakula, inaondoka. Akimlaumu maiti atalala naye kitandani kila siku. Ana mume mmoja tu wa kumkumbuka." Akaigusa ile noti kwa kidole, akaisogeza kidogo. "Nilitaka chuma ndicho kibebe. Nisiwe mimi, asiwe Dell. Ndiyo maana nikataka barua. Chuma kimekataa."

Nikamsogezea kahawa.

"Nikiwa hai usimwambie," akasema.

Mama aliporudi jioni aliliona sanduku. Alisimama bila kuvua koti. "Mwulize babu yako barua inasemaje."

Babu alijibu kabla sijafungua mdomo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimsemesha mama bila kupitia kwangu tangu baba afe. "Inasema bastola ni nzima, Verna. Haina kosa. Kosa ni la aliyeijaza."

Mama alimtazama usoni, muda mrefu. Nadhani na yeye alikuwa ametumaini, kwa namna yake, kwamba barua ingesema kitu kingine. Akavua koti. Akasema, "Twyla, mwambie babu yako asante kwa kusema ukweli."

Asubuhi yake babu aliijaza. Karatasi ya kiwanda ilisema sasa mtu anaweza kutia sita bila wasiwasi, hata ikiangushwa juu ya jiwe. Alinisikiliza nikiisoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "Moja, ruka moja, nne," na katika tundu lililorukwa hakutia noti mpya. Alitia ile ya kahawia. Ilikuwa ngumu, ikabidi aizungushe kidogo kidogo mpaka ikaingia.

Mapafu yalimshika kabla ya Krismasi, akafa Januari kitandani mwake, mchana, mimi nikiwa nimetoka kuchukua kuni. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Lyle alikoka moto juu ya mahali pa kaburi siku mbili mfululizo ili udongo ulegee, ndipo akaanza na sururu. Siku ya pili alikuja mlangoni, ndevu zina barafu, akawa anajaribu utani wake.

"Mzee huyu hata kufa kwake ni kazi ya mtu mwingine. Verna, mpe mchimbaji haki yake. Si kwamba naitaka. Lakini nikizika bila hiyo atanisimanga mpaka kiyama."

Ndiyo desturi, mwenye nyumba ndiye anayeifungua. Mama aliishusha bastola msumarini. Hakuwa ameigusa miaka sita na zaidi. Alimwaga risasi mezani kama alivyomwona babu akifanya kila asubuhi, moja moja, tano. Noti haikutoka. Akaisukuma kwa mshikio wa kijiko, ikadondoka, ikatoa mlio mdogo juu ya meza. Si mlio wa karatasi.

Akaiinua. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akajaribu kuinyoosha, ikapasuka pembeni, vumbi la kahawia likamwangukia kiganjani. Mama amefua mashuka ya hospitali kwa miaka sita. Damu anaijua hata iwe kuukuu namna gani.

"Hii imeipataje damu?" akauliza. "Kama ni mzee aliyeitoa siku ile, ingekuwa mfukoni mwake. Yeye hakupigwa."

Lyle alinitazama. Mama naye akanitazama. Babu alikuwa amesema, "Nikiwa hai," na hakuwa hai tena.

Nikawaambia. Mbweha, shati, kidole mdomoni, kopo la tumbaku. Niliyasema yote kwa mfululizo nikiangalia zile risasi tano, na nilipomaliza Lyle alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Mama hakulia. Aliirudisha noti mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuamka. Akafuta kiganja kwenye aproni, akakifuta tena.

"Mwambie babu yako," akaanza.

Nikangoja. Nilikuwa nimezoea, nilisimama pale nikingoja neno la kubeba. Mdomo wake ulibaki wazi. Kisha akaelewa kwamba mahali alipo babu mimi siwezi kumfikishia.

Akaenda mwenyewe. Aliingia chumba alicholazwa, akafunga mlango. Nilisikia kiti kikivutwa, halafu sauti yake, chini, bila kupanda wala kushuka, kwa muda mrefu sana. Sikusogea karibu kusikiliza. Lyle alisimama kidogo, akaacha noti pale pale mezani, akarudi kwenye sururu yake.